Mama Hakiki na Filamu ya Kituo cha Pampu

Mama Hakiki alitembea na tepu mbili za kupimia mkobani, na kazi ya ile ya pili ilikuwa kuihakiki ile ya kwanza. Ukimwuliza sababu, alikueleza kwamba tepu ikivutwavutwa ndoano yake ya mbele hulegea, milimita moja leo, mbili mwakani, na mwenye nayo anaendelea kupima huku akipiga soga. Kitambaa cha pazia alikipima mwenyewe mbele ya muuzaji, na muuzaji akinuna, shauri yake. Daktari akimwandikia dawa, alitafuta daktari wa pili amweleze wa kwanza alikuwa amewaza nini. Marehemu mumewe alipenda kusimulia kwamba siku ya ndoa yao bibi harusi aliisoma hati mara tatu, na mara ya tatu akauliza kwa nini tarehe imeandikwa kwa wino tofauti.

Jina lake la kuzaliwa hakuna aliyelitumia ofisini. Alikuwa mchoraji mkuu wa kampuni ndogo ya wahandisi iliyopanga ghorofa ya pili, juu ya duka la miwani, na mchoro haukutoka mlangoni pale kabla yeye hajasema umehakikiwa. Kazi aliianza akiwa na miaka ishirini na mmoja, enzi za meza zilizoinamishwa, kalamu za wino na wembe wa kukwangulia makosa. Mzee mwenye kampuni alimpa somo siku ya kwanza: karatasi hunywa unyevu, msimu wa mvua hutanuka, kwa hiyo usiweke rula juu ya mchoro ukasema umepima. Soma namba iliyoandikwa. Somo hilo lilimwingia hadi kwenye mifupa. Kwa miaka thelathini na mitatu aliishi akishuku kila kinachoonekana kwa macho na kuamini kila kilichoandikwa kwa namba, hasa kama namba yenyewe aliiandika yeye.

Mzee alishafariki. Kiti chake alikikalia mwanawe, mhandisi kijana mwenye heshima zake, ambaye Mama Hakiki alimfahamu tangu akiletwa ofisini na kaptura ya shule. Jumatatu moja asubuhi mhandisi huyo alimwita, akafunga mlango, akampa kazi ambayo hakuitarajia: achague programu ya kutengenezea filamu. Wateja wa siku hizi, alieleza, hawasomi michoro. Wanataka kuona kamera isiyoonekana ikiingia mlangoni, ikishuka ngazi, ikizunguka pampu na kupaa juu ya matangi, mteja amekaa zake kitini anajihisi ana mabawa. Washindani wao wote walikuwa na filamu hizo. Mamlaka ya Maji ilitaka kupanua Kituo cha Pampu Namba Mbili, na Alhamisi ya wiki iliyofuata wakubwa wa Mamlaka wangekuja kuangalia pendekezo la kampuni. Ilitakiwa ipatikane programu ya kuichukua modeli ya pande tatu, ile aliyoichora Mama Hakiki bolti kwa bolti, na kuigeuza filamu kabla ya siku hiyo.

Alitoka mle ndani na swali moja: kwa nini mimi? Kulikuwa na wahandisi wawili mle ofisini waliosomea mambo hayo hayo chuoni. Swali hilo alilitafuna hadi saa nne, na kufikia wakati wa chai alikuwa ameshajijibu. Filamu ikiharibika, kunatakiwa mtu wa kubebeshwa lawama, na yeye alikuwa karibu na kustaafu. Basi akaapa kwamba haitaharibika.

Jambo la pili ndilo lililomnyima raha zaidi. Kituo Namba Mbili hicho hicho ndicho alichofanyia kazi mdogo wake.

Nyumbani walimwita Kitinda, kwa kuwa ndiye aliyefunga kizazi. Mama yao alifariki mtoto akiwa darasa la pili, na dada mkubwa ndiye aliyemlea. Alimfulia, alimsainia ripoti za shule, alimpeleka chuo cha ufundi, mpaka akawa mwendesha mitambo wa Mamlaka, mwenye ovaroli ya bluu na funguo kiunoni. Miezi minne iliyopita kiungo cha bomba kilipasuka ndani ya shimo la vali, yaani kile chumba cha chini ya ardhi chenye mabomba makubwa. Maji yakafoka. Kitinda alitakiwa akimbie ndani akafunge vali kuu iliyoko upande wa pili, kazi ya dakika mbili. Ilimchukua dakika kumi na moja. Mota tatu zikazama, nusu ya mji ikakaa siku tatu bila maji, naye akasimamishwa kazi kwa tuhuma kwamba alikuwa amelala zamu.

Utetezi wake ulikuwa mmoja, na hakuubadilisha hata siku moja: pale penye elbo, ile kona ya bomba kubwa, mtu hapiti. Ilibidi arudi, apande juu, azunguke kwa ngazi ya nyuma, ndipo alipoifikia vali. Kamati ya nidhamu ikaiandikia kampuni iliyochora kituo: je, njia ipo? Barua ikatua kwenye meza ya Mama Hakiki. Alifungua faili, akasoma namba, akajibu kwa sahihi yake kwamba njia ipo, upana wake sentimita themanini, anapita hata mtu mwenye ndoo mbili. Kwamba anayejadiliwa ni mdogo wake hakumwambia mtu, asije akadhaniwa anapendelea. Kwenda kupima pale kwenyewe haikuwezekana, maana kila kilichokuwamo mle shimoni kilikuwa kimeng'olewa kwa matengenezo. Wenzake Kitinda wa zamu nyingine walipoulizwa walisema wao hawajawahi kupatwa na dharura, wakatazama viatu vyao.

Ndugu walipokusanyika sebuleni kwa Mama Hakiki kulizungumza jambo hilo, yeye alikata kauli mapema. Namba alikuwa nayo, na namba haina ndugu. Kitinda alimweleza mara moja, akamweleza tena, mara ya tatu akamweleza kwa kusimama na kuonyesha kwa mikono. Dada akatikisa kichwa. Tangu siku hiyo hawakupigiana simu. Hukumu ya kamati ilipangwa Ijumaa, siku moja tu baada ya mkutano wa filamu. Akionekana ana hatia, unga wake umemwagika, na mtu aliyefukuzwa kwa kulala zamu hakuna kituo cha pampu kitakachompokea tena. Alikuwa na watoto watatu. Yote hayo dada yake aliyajua na yalimuuma. Lakini alimjua pia Kitinda tangu akivunja sahani na kumsingizia paka wa jirani.

Basi akajifunga kibwebwe kwenye kazi ya programu. Alinunua daftari jipya, akalipiga mistari, akaanza.

Ya kwanza ilikuwa programu ya bure ya mtandaoni. Aliipakua amekunja uso, kwa kuwa kitu kikitolewa bure yeye huanza kumtafuta anayefaidika. Alipoingiza modeli, kituo chote kikaanza kutetemeka. Mabomba yalikuwa na homa, bolti zilirukaruka kwenye matundu yake. Akaandika daftarini kwamba ina virusi, na kwa siku mbili akaisema vibaya kila alipopita. Siku ya tatu mmoja wa wale wahandisi wawili akamwonyesha kwa upole kwamba programu haikuwa na kosa. Modeli ilikuwa imekaa kwenye vipimo vya wapima ardhi, mamia ya kilomita kutoka alama ya sifuri, na programu za filamu zikipelekwa mbali kiasi hicho hupoteza hesabu za milimita. Mhandisi akaivuta modeli hadi sifuri, ikatulia tuli. Mama Hakiki akafuta neno virusi, akaandika badala yake: ikikwama, hakuna mtu wa kumpigia simu. Hilo lilikuwa kweli, na lilimfichia aibu kidogo.

Wa pili alikuja mwenyewe, suti ya kijivu, viatu vya ncha, na ofisi ikambandika jina la Mtanashati kabla hajamaliza kupanda ngazi. Alikuwa na maneno matamu na filamu tamu zaidi: viwanja vya ndege, hospitali, daraja linalong'aa mvua ikiwa imekatika sasa hivi. Wengine wakaangalia filamu, Mama Hakiki akamwangalia Mtanashati. Alitaka kujua hizo zilitengenezwa na nani, kwa siku ngapi, kwenye mashine gani, na kama mteja aliyeinunua programu hiyo amewahi kutengeneza moja ya namna hiyo kwa mikono yake. Mtanashati alicheka kwa adabu. Mama Hakiki akamwambia kwamba hizo ni nguo za dirishani, yeye anataka kuona ya kwake ikishonwa. Akamtaka aifanyie kazi modeli ya kituo pale pale ofisini, mbele ya macho yake. Mtanashati akasema haiwezekani, wana studio yao, akaondoka na faili. Hilo nalo likaingia daftarini.

Alirudi Jumatatu na dakika tatu za filamu. Ukweli usemwe, ilitia fora. Jua la asubuhi lilipiga kwenye matangi, maji yalimeremeta, kamera ikateleza mlangoni na kushuka shimoni, ikapita juu ya mabomba kwa ulaini hadi Mama Hakiki mwenyewe akajikuta amesogeza kiti mbele. Mhandisi kijana alipiga makofi. Yeye akaomba irudiwe, polepole, kisha akaomba isimamishwe pale ambapo mwanamume wa kwenye filamu anapita karibu na mlango.

"Huyu mtu wako ana kimo gani?" aliuliza.

Mtanashati akajibu kwamba ni mtu wa kawaida. Mama Hakiki akainuka, akaweka rula kwenye kioo cha kompyuta. Mlango ni mita mbili na sentimita kumi, alisema, kitasa kiko mita moja, na mtu wako wa kawaida amekizidi kitasa kwa kichwa tu. Mita moja na thelathini. Huyo yuko darasa la tatu na ana ndevu. Watu wakaangua kicheko, na Mtanashati, akiwa bado anatabasamu, akakiri kwamba watu hupunguzwa kidogo ili chumba kionekane kikubwa, ndivyo wafanyavyo wote. Baada ya hapo akawa hana pa kukimbilia. Bolti za flanji, ile sahani ya kuungia mabomba, zilichorwa kumi na sita, kwenye filamu zilionekana sita, kwa sababu programu yake hutupa vitu vidogo ili modeli iwe nyepesi. Vishikio vya ngazi vilitoweka kwa sababu hiyo hiyo. Lile zege kubwa linaloishikilia elbo isisukumwe na maji halikuwepo kabisa.

"Lile liliharibu mandhari, mama," alisema Mtanashati. "Tukaliondoa."

Mama Hakiki akaliandika kuwa kosa la saba, akalipigia mstari. Wala halikumgutua zaidi ya hayo.

Mhandisi kijana alimfuata baadaye mezani kwake. Alikubali yote aliyoyasema, ila mteja, alimkumbusha, hahesabu bolti. Yeye mwenyewe roho yake ilikuwa kwa Mtanashati. Hata hivyo uamuzi aliuacha kwake, na ukarimu huo ukamzidishia Mama Hakiki shaka.

Wa tatu alikuja Jumanne mchana. Alikuwa binti mwenye begi la mgongoni, laptopu yenye stika iliyobanduka, na mdomo mzito. Hakusifia chochote. Mama Hakiki alimtazama kwa jicho la pembe, maana muuzaji asiyesifia mali yake ama ameiba ama anaficha. Akamwuliza programu yake ina ubaya gani. Binti akahesabu kwa vidole bila haya: miti yake inafanana na mboga, maji yake yana sura ya mafuta, vivuli vyake havivutii, na kwenye mashine kuukuu inakwenda kwa kujikokota. Na uzuri? Inakaa ndani ya programu ya kuchorea yenyewe, alisema, inaichukua modeli ilivyo bila kutupa hata nati. Ukisogeza bomba kwenye mchoro, na kwenye filamu linasogea. Kisha akaongeza, kama mtu aliyekumbuka kitu kidogo, kwamba pamoja na kamera ya kupaa kuna mtu wa kutembea. Unampa kimo na upana wa mabega, anakanyaga sakafu, anapanda ngazi, na hawezi kupenya kitu chochote.

Hapo Mama Hakiki akapata wazo. Alikuwa amechoka na ugomvi wa nyumbani, na sasa Mungu alimletea njia ya kuumaliza. Angemtembeza mtu huyo mle shimoni, apite kwenye sentimita zake themanini, arekodi, awapelekee ndugu wote wajionee.

"Mpe mita moja na sabini na nane," alisema. "Mabega sentimita hamsini."

Hakusema ni kipimo cha nani. Ovaroli ya kwanza ya Kitinda alimpimia yeye.

Binti akaandika namba. Mtu akatokea mlangoni mwa kituo, wa kijivu, hana uso. Akashuka ngazi, akakata kulia, akafuata bomba kubwa kwa mwendo wa mtu anayejua aendako. Alipofika kwenye elbo akasimama. Miguu iliendelea kutembea, mwili haukusogea. Binti akamgeuza ubavu, akasukuma tena. Hakupita.

Mama Hakiki alisema programu ina kasoro. Binti hakubisha wala hakukubali, alimwonyesha tu kitufe cha kupimia. Kati ya ukuta na kizuizi ilisomeka sentimita ishirini na tatu. Mama Hakiki akahakikisha kwamba wanasoma sentimita wote wawili, akahakikisha kwamba modeli imekaa kwenye sifuri, akaifunga programu na kuifungua upya. Ishirini na tatu. Akaenda kwenye kompyuta yake, akafungua mchoro wa shimo, ule ule alioujibia barua. Themanini. Akamshukuru binti, akamwambia aache programu ya majaribio arudi kesho, akamsindikiza hadi ngazini. Alitaka asiwepo mtu.

Alikaa mbele ya vioo viwili. Kwa mara ya kwanza tangu ajifunze kazi alikuwa na namba mbili za sehemu moja, na moja lazima iwe ya uongo. Akaanza, bila shaka, na ile isiyo yake. Aliichunguza kwa saa nzima na hakuipata na hila. Ndipo akaigeukia ya kwake.

Mchoro wa kompyuta hupangwa kwa matabaka yanayolaliana. Mabomba yana tabaka lao, umeme lake, zege lake, na kila tabaka lina alama ya taa pembeni. Ukizima taa, tabaka linafichika kwenye mchoro huo, ingawa kwenye modeli linabaki, ili uchore jingine bila kusumbuliwa. Mama Hakiki aliteremsha macho kwenye orodha. Mabomba, inawaka. Kuta, inawaka. Zege la mashine na mabomba, imezimwa.

Akaibonyeza. Zege la kushikilia elbo likajitokeza katikati ya njia, pana, lenye kimo cha kufika kifuani, limeikalia namba themanini, nusu ya tarakimu imefunikwa. Alikuwa amelizima miaka sita nyuma ili achore mabomba kwa raha, akaandika upana kutoka kwenye bomba hadi ukutani, akaweka sahihi kwenye kisanduku cha mchoraji, na kwa kuwa siku hiyo hapakuwa na mwingine, akaweka sahihi yake pia kwenye kisanduku cha mhakiki. Mafundi wakajenga zege kufuata michoro ya zege, bomba kufuata michoro ya bomba, hakuna aliyekosea. Miezi minne iliyopita, barua ya kamati ilipokuja, alifungua faili lile lile, taa ikiwa imezimwa vile vile, akaisoma namba yake mwenyewe akairudisha kwa watu na muhuri juu.

Alimwona mdogo wake mle shimoni, maji yakimfika mapajani, anasukuma bega kwenye upenyo wa shubiri moja, anarudi, anakimbilia ngazi ya nyuma. Alikuwa ameishuku programu ya bure, amemshuku Mtanashati, bosi wake, binti wa watu, na damu yake mwenyewe. Mtu mmoja tu hakumshuku.

Na hapo shetani akavuta kiti. Filamu ya Mtanashati ilikuwa pale mezani, nzuri, na ndani yake zege halikuwepo. Akiichagua, bosi atafurahi, wakubwa watapiga makofi Alhamisi, na Ijumaa itapita. Shimo jipya atalichora vizuri, kimyakimya, na hakuna atakayejua. Kitinda angetafutiwa kazi nyingine, ya ulinzi pengine. Miaka thelathini na mitatu ya jina ingebaki safi. Aliliwaza jambo hilo hadi mwisho wake, hatua kwa hatua, na kilichomtisha ni jinsi lilivyowezekana.

Jumatano asubuhi alimgongea mhandisi kijana, akamweleza yote akiwa amesimama. Alimwambia na kwamba mshtakiwa ni mdogo wake. Mhandisi alizungusha kalamu. Tukiwaonyesha hili, alisema, wanaweza kutunyima kazi. Mama Hakiki akajibu kwamba analijua hilo. Mhandisi akauliza kama haliwezi kusubiri hadi wiki ijayo. Akajibu kwamba wiki ijayo mtu atakuwa ameshafukuzwa.

"Basi chagua wewe, mama. Nilikwambia uamuzi ni wako."

"Kwa nini ulinipa mimi?"

"Kwa sababu hapa ndani wewe peke yako ndiye usiyedanganyika," alisema mhandisi, na Mama Hakiki akatamani sakafu immeze.

Alhamisi wakubwa wa Mamlaka walikuja watano, wakiongozwa na mama mmoja mwenyekiti wa bodi mwenye miwani ya kamba. Programu ilikuwa ya binti wa begi. Miti ilifanana na mboga kweli, na mzee mmoja aliguna maji yalipotokea. Kamera ikapaa juu ya matangi, ikazunguka upanuzi mpya, yote yakaenda vizuri. Kisha Mama Hakiki akazima kamera ya kupaa, akamwachia yule wa kijivu. Akashuka ngazi, akafuata bomba, akakwama. Chumba kizima kikamtazama anavyopiga hatua pale pale.

"Hili ni shimo lilivyokuwa siku ya ajali," alisema Mama Hakiki. "Huyo nimempa kimo cha mwendesha mitambo mnayemhukumu kesho. Ni mdogo wangu. Niliwaandikia kwamba njia ni sentimita themanini. Ni ishirini na tatu. Niliyekosea ni mimi."

Mwenyekiti akaomba irudiwe. Ikarudiwa mara mbili. Mzee aliyeguna akauliza imekuwaje, akaelezwa habari ya taa na matabaka bila kupambwa. Mwenyekiti akaomba nakala ya ile sehemu ya mtu kukwama, akaitia kwenye mkoba wake. Kuhusu kazi ya upanuzi, walisema kampuni ichore shimo upya, kila kipimo kikaguliwe na mtu asiyekuwa mchoraji, warudi baada ya mwezi. Haikuwa ndiyo, haikuwa hapana. Mhandisi kijana hakumlaumu, ila siku nzima hakuongea naye.

Ijumaa alasiri habari zikafika: Kitinda amesafishwa, Jumatatu anarudi zamu. Mama Hakiki alilia chooni, akanawa uso, akarudi kazini. Jumamosi asubuhi akaenda nyumbani kwa mdogo wake, mara ya kwanza kwa miezi minne. Njia nzima alikuwa anapanga maneno.

Wifi yake alimfungulia mlango, akamsalimia kwa heshima, ubaridi ukiwepo. Kitinda alikuwa sebuleni, ameinama, anapiga brashi viatu vyake vya kazi. Aliitikia salamu bila kuinuka. Dada akaanza kueleza kwa mpangilio: tabaka, taa, zege, barua, programu, mkutano. Alieleza vizuri, hakujitetea popote, na mwisho akamwomba msamaha kwa maneno ambayo hakuwahi kumwambia mtu yeyote maishani. Kitinda alisikiliza mpaka mwisho. Akaweka brashi chini.

"Filamu walinionyesha, dada. Yule mtu ulimpa kimo changu?"

"Ndiyo."

"Na mabega yangu."

"Ndiyo."

"Akakwama, ukamwamini."

Dada akahamishia mkoba mkono wa pili.

"Hana mdomo yule, hana hata uso, amekwama mara moja tu ukamwamini," alisema Kitinda, bila kupandisha sauti. "Mimi nilikwambia mara tatu. Nyumbani kwako. Wewe uliyenilea."

Akakiokota kiatu cha pili, akaendelea na brashi. Dada mtu alibaki amesimama pale pale mlangoni, mkoba mkononi, mpaka wifi yake alipomwambia akae.